Kabla ya kuamini sifa za kambi, uliza msafiri alitokea wapi

Kiangazi kinapokaribia napata swali lile lile kutoka kwa vijana wa Mbeya na Iringa wanaopanga kutembea kwa miguu kutoka uwanda wa Kitulo, kukata safu ya milima ya Livingstone, hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa. Hawaulizi njia. Wanauliza habari za kambi moja iliyo kando ya njia, yenye uwanja wa mahema na hosteli ndogo ya vitanda vya deka: "Dada, pale ni pazuri au tupapite?" Wanauliza kwa sababu wameshasikia kila kitu. Mmoja kawaambia hakuna sehemu kama ile nyanda za juu kusini nzima. Mwingine kawaambia ni heri kulala msituni. Wa tatu kasifia chakula, wa nne kaapa kwamba alilala na njaa.

Kambi yenyewe siitaji jina, maana ninayotaka kusema yanahusu karibu kila mahali wapanda milima wanapolala huku kwetu, iwe hosteli ya kanisa, nyumba ya mwanakijiji au kiwanja cha mahema. Nimelala pale kwenye mvua na kwenye baridi, peke yangu na nikiongoza kundi. Nimewasikiliza watu asubuhi wakikunja mahema, huyu akishukuru, yule akinung'unika, na wote wamelala hatua chache kutoka kwa wenzao. Nimefikia kuamini kwamba wote wanasema kweli. Kwa hiyo mtu akikusifia kambi au akikupondea, muulize kwanza: ulifika ukitokea wapi, mwezi gani, na saa ngapi?

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kutoka juu hadi ufukweni unashuka zaidi ya mita 2,000, na kwa kila mita 1,000 joto hubadilika kwa nyuzi kama sita. Hesabu mwenyewe: tofauti ya nyuzi 12 au zaidi ndani ya safari moja. Kambi hiyo ipo katikati ya mteremko, kwa hiyo kila anayeingia pale anaipima kwa joto au baridi aliyoiacha nyuma.

Aliyetoka juu mwezi wa saba amelala Kitulo usiku ambao umande unaganda kwenye nyasi. Ameamka hema limekakamaa, vidole haviwezi kufungua zipu. Ameshuka siku nzima, magoti yanauma. Huyo ukimpa ndoo ya maji ya moto na kikombe cha chai ya maziwa, hataona kwamba ukuta wa bafu umepasuka wala kwamba mlango wa bweni unalia. Atakwenda kusimulia kwamba pale ni peponi, na kwake ilikuwa hivyo.

Aliyetoka Matema amepanda tangu alfajiri jua likimpiga mgongoni. Ziwani kulikuwa na joto, kwa hiyo alibeba shuka moja na fulana. Anaingia kambini magharibi, amelowa jasho, upepo unaanza. Anapewa blanketi moja na kuambiwa la pili ni mpaka waone kama kuna yaliyobaki. Usiku hakulala. Atasema wenyeji ni wachoyo. Mimi ninayemjua yule mama anayetunza blanketi najua kwamba Agosti hosteli ikijaa hazitoshi kweli, na najua pia kwamba ukipiga simu siku moja kabla anaazima kwa majirani. Ushauri wangu kwa wanaopanda kutoka ziwani hauna mjadala: beba mfuko wa kulalia wenye joto hata kama ukiwa Matema unaonekana kichekesho. Soksi za sufu na kofia zikae juu kabisa ya begi, uzivae kabla jasho halijapoa.

Wapo pia wanaofika kwa bodaboda au Noah kupumzika wikiendi. Wana haki ya kusema lolote, wamelipa. Ila kwa mtu anayepanga safari ya siku kadhaa kwa miguu, maoni yao hayamsaidii sana. Wanaangalia shuka, kioo, televisheni. Wewe una haja ya kujua kama kuna mahali pa kuanika viatu.

Kuanika, narudia. Ukitaka kujua kambi inawafahamu wapanda milima, usiangalie maua getini. Angalia kama kuna kibanda chenye paa na kamba, karibu na jiko la kuni, ambako nguo zinaweza kukauka usiku mmoja. Rungwe na upande huu wa Livingstone hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Tukuyu peke yake hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua za huku zinaanza Novemba na zinaweza kufika Mei, na ndio wakati huo huo Kitulo inachanua. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kwa hiyo wanaofuata maua ndio hao hao wanaofika kambini wamelowa chapachapa, na ndio wenye malalamiko makali kuliko wote: uwanja wa mahema umejaa tope, njia ya chooni inateleza, ukungu haukuondoka siku nzima. Wanaokuja Agosti hawaelewi wanachozungumzia wale, kwa sababu wamekuta uwanja mkavu, nyasi fupi, na mtazamo wa wazi hadi ziwani. Ukija Februari au Machi, usipige hema. Chukua kitanda. Hata kama bei ni kubwa kidogo, nguo kavu asubuhi zinakulipa.

Sasa chakula, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba chakula kinachelewa. Mtu amefika saa kumi na mbili jioni, akaagiza kuku, akala saa nne usiku, akaondoka amekasirika. Jamani, kuku wa kienyeji alikuwa bado anatembea uani wakati unaagiza. Akamatwe, achinjwe, anyonyolewe, achemshwe kwa kuni ambazo huenda zina unyevu. Hakuna mpishi duniani atakayelifupisha hilo. Mama wa jikoni pale anapika kwa hesabu ya watu aliyoambiwa, kwa sababu akipika cha ziada kikabaki, hasara ni yake. Wale wanaosema walikula vizuri ni karibu kila mara wale waliotuma ujumbe mapema. Mtandao wa simu kwenye njia hii unakuja na kupotea, kwa hiyo piga ukiwa bado juu, kabla hujaanza kuingia mabondeni. Sema mko wangapi, mnatarajia kufika saa ngapi, na mnakula nini. Agizeni vitu vya pale: viazi mviringo vya Makete, maharage, mboga za majani, ugali, na ndizi kama kuna mtu amepanda nazo kutoka bondeni. Chakula hicho kipo kila siku na kinaiva kwa wakati.

Na msipike wali wenu pembeni ya jiko la mama huku mkitumia kuni zake bila kulipa. Nimeliona mara nyingi na linaniumiza. Kuni zinabebwa kichwani kutoka mbali, na msitu wa juu uko ndani ya hifadhi, haukatwi ovyo. Ndimo wanamoishi kipunji, aina ya kima ambao sayansi iliwatambua mwaka 2003 tu na ambao hawapatikani nje ya Tanzania. Kama una jiko la gesi, tumia lako. Kama huna, ulizia bei ya kuni na ulipe kabla hujawasha.

Jambo la pili linalogawa watu ni kanuni. Hosteli nyingi za huku zina asili ya kanisa. Wamisionari wa Moraviani na wale wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia upande huu wa Nyasa mwaka 1891, na nyumba za wageni zilizotokana na vituo vyao zilikuwa za wachungaji, walimu na ndugu waliokuja kuuguza wagonjwa. Ndio maana hadi leo utakuta geti linafungwa saa nne, bia hairuhusiwi ndani, na vyumba vya wanawake viko upande wake. Hata kambi zisizo za kanisa zimeiga utaratibu huo kwa sababu ndio waliouzoea wasimamizi wake. Kijana aliyekuja na kundi la marafiki akitarajia kukesha na spika ataona anabanwa. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri ili niuwahi mteremko kabla ya jua, kwa hiyo geti kufungwa saa nne ni neema. Nitasema wazi ninaposimama: mahali pa kulala wapanda milima pawe na ukimya baada ya saa nne. Wanaotaka muziki, Mbeya mjini ipo na ni nzuri.

Kuna maoni ambayo hayasikiki vya kutosha, nayo ni ya wanawake. Ukisikia wanaume watano wakisema "bafu si baya", bado hujajua chochote. Bafu lina komeo kwa ndani? Kuna taa njiani kuelekea chooni, au ni tochi yako tu? Mlinzi wa usiku ni nani, na msimamizi mwanamke yupo? Kwenye kambi hii komeo la bafu la wanawake lilikaa limevunjika muda mrefu, na hakuna mwanaume hata mmoja katika makundi niliyokuwa nayo aliyewahi kulitaja. Nilimwambia msimamizi nikiwa nimeshika kipande cha komeo mkononi, kwa heshima, mbele ya fundi aliyekuwa akirekebisha paa. Liliwekwa jipya kabla hatujaondoka. Hiyo ilinifundisha kwamba pale watu wanasikia ukisema nao uso kwa uso, tena ukianza na "shikamoo mama" na kuuliza habari za nyumbani. Wengi huondoka kimya, kisha wanakwenda kulalamika Dar es Salaam, ambako fundi hasikii.

Kuhusu bei, nitapita haraka. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi ya mkazi, na sehemu ya hema mara nyingine inakaribia bei ya kitanda. Baadhi ya waendesha baiskeli wanaoshuka bara kutoka Cairo hadi Cape Town na kukatiza huku huona hilo ni dhuluma. Vijana wetu wa vyuo nao huona hema lingekuwa bure kabisa. Uliza bei kwa simu, uliza kama maji ya moto na kuchaji simu vimo ndani yake, na ukubali au ukatae kabla hujafika. Kubishana getini ukiwa umechoka hakumfaidii mtu. Malipo ya kuingia hifadhini ni jambo jingine kabisa, yanakamilishwa kabla ya kuanza safari na si kwa fedha taslimu, usije ukamlaumu mtu wa kambi kwa ada ambayo haipokei yeye.

Basi ukinibana nijibu moja kwa moja, ni pazuri au mpapite, jibu langu linategemea mnavyotembea. Mnashuka kutoka Kitulo na kuna mtu magoti yake mabovu: laleni pale, hata siku mbili, na msijilazimishe kufika ziwani kwa mkupuo. Mteremko wa mwisho kuelekea Matema ni mkali na mrefu, na nimewaona watu wenye nguvu wakishuka kinyumenyume kwa maumivu. Mnapanda kutoka ziwani na mmeanza kwa kuchelewa: msiipite, maana baada yake hakuna maji ya uhakika mpaka mbali, na giza la msituni linaingia mapema kuliko mnavyodhani. Mko wepesi, mna mahema mazuri na chakula chenu, na ni Septemba: ongeeni na mtu anayewaongoza juu ya kulala kijijini badala yake, mkimwomba mwenyekiti wa kijiji ruhusa. Hapo mtalala kwa utulivu zaidi, na kambi ina wengine wa kuwahudumia.

Kitu kimoja ambacho kambi hii haina, na watu huilaumu bila sababu, ni chandarua. Pale mbu ni wachache sana kwa sababu ya baridi. Matema ni habari nyingine: joto, maji, na malaria ya kweli. Chandarua chako kibebe tangu mwanzo hata kama kinaonekana mzigo wa bure mnapopita kwenye ukungu, na ukifika ufukweni kifunge kabla ya saa kumi na mbili jioni, kabla hata hujaenda kuogelea.