Mtoto kufunga watu wazima kwenye chesi hakutoshi kumrusha darasa

Dada mleta uzi, umeuliza hivi: mwanao wa darasa la pili hapo Moshi anawafunga wajomba zake chesi, ukoo mzima unasema mtoto ana akili za ajabu, na sasa mnafikiria arushwe aende la nne. Je, chesi ni ushahidi wa kutosha? Hapana. Nitaeleza kwa kirefu, maana hapa Arusha na huko kwenu kuna wazazi wanaoamua mambo mazito ya watoto kwa kuangalia bodi, na kuna watoto wanaoitwa wazito kwa sababu tu wanafungwa.

Kwanza angalia anashinda vipi. Ushindi mwingi wa watoto dhidi ya watu wazima wasio na mazoezi ni wa aina moja (herufi na namba hutaja mraba wa bodi, na kitunda ni kete ndogo ya mstari wa mbele): kitunda e4, malkia h5, askofu c4, malkia anakula f7, chekimeti kwa hatua 4. Aliyeikariri atamfunga injinia na daktari, ilimradi hawajawahi kuiona. Ukitaka kujua kama kuna kingine nyuma yake, keti wewe upande wa kete nyeusi. Jibu e5, toa farasi c6, na askofu wake akifika c4 sukuma kitunda g6. Malkia lazima aondoke. Akienda f3 kutishia f7 tena, toa farasi wa pili f6. Mtego umekwisha, malkia wake amehama mara mbili, na farasi wake wote wawili bado hawajatoka. Mtoto anayetegemea kukariri ataendelea kumzungusha malkia peke yake mpaka aliwe. Anayefikiri atatulia, atatoa kete nyingine, atamhamisha mfalme upande wa ngome akae salama. Hatua tano zinazofuata hapo zitakueleza mengi kuliko matokeo ya michezo yote aliyowafunga wajomba.

Kuhusu utafiti. Mwaka 2016 mtafiti Alexander Burgoyne na wenzake walikusanya tafiti zilizowahi kupima akili na uwezo wa chesi kwa pamoja. Uwiano kati ya uwezo wa kufikiri mambo mapya na kiwango cha chesi ulikuwa kama 0.24, ambapo 0 maana yake hakuna uhusiano na 1 maana yake vinakwenda sambamba kabisa. Zidisha 0.24 kwa 0.24, unapata takriban asilimia 6: hicho ndicho kiasi cha tofauti kati ya wachezaji kinachoendana na akili. Kwa hiyo uhusiano upo, anayesema haupo kabisa anakosea, lakini ni mdogo. Kinachokuhusu zaidi ni kwamba kwa watoto na wachezaji wasio na viwango ulikuwa kama 0.32, na kwa watu wazima ukashuka hadi karibu 0.11. Mwanzoni mwenye akili nyepesi hushika mambo haraka. Baadaye kinachoamua ni kingine.

Mwaka 2007 Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet walipima watoto 57 wanaocheza chesi. Mazoezi ndiyo yaliyoeleza uwezo wao kuliko kitu kingine chochote. Katika kikundi cha wale bora zaidi, wenye alama za juu za akili walielekea kuwa nyuma kidogo kwenye chesi. Sababu haina mwujiza: katika kikundi kile, wenye alama za juu walikuwa wanafanya mazoezi machache kuliko wenzao.

Sasa, hicho kinachoamua ni nini? Adriaan de Groot wa Uholanzi alichunguza swali hilo katika kazi aliyoitoa mwaka 1946. Aliwapa wachezaji wa ngazi mbalimbali hali ya mchezo na kuwataka wafikirie kwa sauti. Wengi wetu tungetegemea bingwa aone hatua nyingi sana mbele kuliko wengine. Tofauti hapo ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba bingwa huitazama hatua iliyo bora karibu tangu mwanzo. William Chase na Herbert Simon wakaendeleza kazi hiyo Marekani mwaka 1973: waliwaonyesha wachezaji bodi kwa sekunde 5, kisha wakawaambia waipange upya kwa kumbukumbu. Bingwa alirudisha kete kama 16, mchezaji wa kati kama 8, anayeanza kama 4. Kisha kete zikatawanywa bila mpangilio wowote, na bingwa akaanguka pamoja na wengine, kete chache tu. (Gobet na Simon walikuja kuonyesha mwaka 1996 kwamba bingwa hubaki na nafuu kidogo hata hapo, lakini ni kidogo kweli.) Bingwa haoni kete 24 mojamoja. Anaona mafungu anayoyafahamu, kama wewe unavyosoma "Kilimanjaro" kwa mara moja bila kuhesabu herufi zake 11.

Jaribio hilo unaweza kulifanya sebuleni kwako, na nakushauri ulifanye. Tafuta bodi mbili, simu yenye saa, na sinia au boksi la kufunikia. Chukua hali nne kutoka michezo halisi ya mabingwa, ziwe karibu na hatua ya 20, kila moja ikiwa na kete 22 hadi 26. Panga ya kwanza mtoto akiwa nje. Mwite, funua sekunde 5, funika, aipange kwenye bodi ya pili bila kuharakishwa. Hesabu kete zilizokaa kwenye mraba sahihi na rangi sahihi, kisha fanya hivyo kwa hali zote nne na upate wastani. Halafu rudia kwa hali nne za bahati nasibu: andika namba 1 hadi 64 kwenye vikaratasi, viweke mfukoni, chomoa kimoja kwa kila kete. Kitunda kikiangukia mstari wa kwanza kiache hapo hapo.

Hapa ndipo watu huharibu. Wengine hutumia hali ya hatua ya 6 au 7, ambapo kete nyingi bado ziko nyumbani kwake, basi mtoto anapata 20 kwa kukumbuka mpangilio wa kuanzia tu. Wengine hutawanya kwa mkono badala ya vikaratasi, na mkono wa mtu anayejua chesi hauwezi kutawanya: utamkuta mfalme yuko pembeni na vitunda vitatu mbele yake. Kosa la tatu ni muda. Sekunde zikifika 15 hata asiyejua mchezo anaanza kukariri mraba kwa mraba. Na usizidishe hali nane kwa siku moja, mtoto wa miaka 8 huchoka na alama za mwisho zinakuwa za uchovu.

Ukikuta anapata 10 kwenye hali halisi na 3 kwenye za bahati nasibu, umeona akiba ya mafungu aliyoyajenga kwa kucheza. Ni kitu cha thamani, lakini ni akiba ya chesi.

Akiba hiyo haihami kirahisi. Kaa kwenye kijiwe cha drafti, Sakina hapa Arusha au Majengo ya Moshi, bodi ya mbao na vizibo 12 kwa 12. Utamwona fundi anatoa vizibo vitatu viliwe kwa makusudi kwa sababu ameona sheria ya kula ni lazima itamvuta mwenzake hadi mahali anapopataka, kisha anaingia kingi. Hayo ni mahesabu marefu kwelikweli. Mwekee fundi huyo bodi ya chesi, atafungwa kwa hatua 4 kama wajomba. Na mimi hapa inaniuma, kwa sababu hakuna ukoo unaomwita fundi wa drafti kipaji cha taifa, eti kwa kuwa anachezea kijiweni na chesi imekuja na sare za shule. Kama kufikiri mbele ndiko tunakokuheshimu, wote wawili wanafikiri mbele.

Alfred Binet, mwanasaikolojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1894 juu ya watu wanaocheza chesi bila kuangalia bodi. Mwaka 1905, yeye na Théodore Simon walipotengeneza kipimo cha akili kwa watoto wa shule, hawakuweka chesi ndani yake.

Msije mkadhani nasema kila kitu ni saa za mazoezi. Neil Charness na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba wachezaji wa ngazi ya juu kabisa walitumia takriban saa 5,000 kujisomea peke yao katika miaka kumi ya kwanza, karibu mara tano ya wachezaji wa kati. Lakini Gobet na Guillermo Campitelli, walipochunguza wachezaji wa Argentina mwaka 2007, walikuta kuna aliyefikia ngazi ya umasta kwa saa zipatazo 3,000 na mwingine kwa zaidi ya 23,000. Pengo hilo halijazwi na bidii pekee. Kuna umri wa kuanza, kuna mwalimu, kuna kumbukumbu, na ndiyo, kuna akili pia.

Kwa hiyo mimi nikitaka kuona namna mtoto anavyofikiri, naacha ushindi na kuangalia anavyojifunza. Jaribu hili: mfalme mweupe e4, kitunda cheupe e3, mfalme mweusi e6, hakuna kete nyingine. Ikiwa ni zamu ya nyeusi, nyeupe inashinda, maana kitunda kitapita hadi mwisho wa bodi na kuwa malkia. Ikiwa ni zamu ya nyeupe, ni sare, kwa sababu nyeupe ndiyo inalazimika kumpisha mwenzake. Mwonyeshe mara mbili, polepole. Kesho yake hamisha zote ziwe mstari wa c, bila kumwambia chochote. Akiona ni jambo lile lile, ameshika kanuni na siyo picha. Kisha hamisha mstari wa a, pembeni kabisa, zamu ya nyeusi. Hapo kanuni inavunjika na mchezo ni sare, kwa kuwa kitunda cha ukingoni hakiwezi kumng'oa mfalme aliyekaa mbele yake. Mtoto anayesimama na kusema "mbona hapa haifanyi kazi?" halafu anatafuta sababu mwenyewe, huyo anakuonyesha kitu. Sisemi hicho ni kipimo cha kitaalamu. Ni dirisha tu, ila ni kubwa kuliko idadi ya wajomba waliofungwa.

Namba ya kiwango anayopewa na programu ya chesi kwenye simu nayo isikuchanganye. Mtoto mwenye 1200 hana "akili 1200". Namba hiyo inalinganisha matokeo yake na ya wengine wa mfumo huo huo: anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 anategemewa kuvuna kama asilimia 76 ya alama wakikutana.

Akipenda kuendelea, aendelee, chesi ni nzuri kwa yenyewe. Lichess, tovuti ya kucheza chesi, ni bure na haili bando sana. Mafumbo dakika 20 kwa siku, seti moja ya mafumbo 30 airudie wiki inayofuata hadi ayaone bila kuhangaika. Michezo iwe ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, aandike hatua zote, na kabla ya kuuliza kompyuta aseme mwenyewe alikosea wapi. Ile ya dakika 3 aiache kwanza, maana kwa kasi ile anatumia alichonacho tayari, haongezi. Kwa ngazi yake kufungwa kwingi hutokana na kete zilizoachwa bila mlinzi, basi kabla ya kila hatua ajiulize nini kinabaki wazi.

Mwalimu wa chesi akikuahidi kwamba hisabati zitapanda, usilipie ahadi hiyo. Uingereza walilipima jambo hilo kwenye shule 100, watoto wakafundishwa chesi saa 30, na mwaka mmoja baadaye alama za hisabati hazikutofautiana na za wale ambao hawakufundishwa. Matokeo yalitolewa 2016.

Suala la kumrusha lipimwe kwa mambo ya darasani. Omba shule mitihani ya mwisho wa mwaka ya darasa la tatu, masomo yote, aifanye bila maandalizi. Hesabu za maneno na kusoma kwa ufahamu zitazame kwa jicho kali, pia kasi ya kuandika, kwa sababu la nne kuna upimaji wa taifa na mtoto mdogo huishiwa muda hata akiwa anajua majibu. Akiyumba kwenye ufahamu au mwandiko, aingie la tatu na wenzake, na bodi aendelee nayo jioni.