Kabla hujakopa ili umfikie mwenzako, soma yaliyonikuta Mlandizi

Mkuu, umesema una miaka 33, umepanga vyumba viwili, na kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja kila wiki kuna mtu anatuma picha za nyumba aliyohamia. Unauliza kama ukope ujenge haraka, maana unajiona umeachwa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hilohilo nilijiuliza mwaka 2016, nikalijibu vibaya, na nikalilipia miaka mitano.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Mkoa wa Pwani. Kiwanja nilikinunua Mlandizi mapema, nikiwa bado mgeni kazini. Mpango wangu ulikuwa mdogo: mwisho wa mwezi mifuko miwili mitatu ya saruji, likizo ya Juni na ya Desemba napiga tofali. Msingi ulisimama hivyo, na nilikuwa na amani nao kabisa. Siku moja rafiki yangu tuliyekaa chumba kimoja chuoni, anayefanya kazi mgodini Kanda ya Ziwa, akatuma picha za nyumba yake imeezekwa bati la rangi, na mwaliko wa kwenda kula naye Krismasi. Usiku ule sikupata usingizi. Msingi uleule ambao asubuhi niliupita nikajisikia mtu, jioni ukaanza kunitia aibu.

Nikakopa milioni 8 za kukatwa miaka 5, na nikajiapiza kwamba Krismasi inayofuata nami nitaalika watu.

Boma lilipanda vizuri. Tulipofika kwenye lenta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya milango na uwazi, nilitaka uwazi mpana bila nguzo kati ya sebule na sehemu ya kulia chakula. Fundi wangu, mzee mmoja mtulivu sana, akaniambia: "Mwalimu, hapa mirunda, hii miti inayoshikilia zege, isiguswe mpaka wiki tatu ziishe. Mwagilia asubuhi na jioni, halafu niite." Alikuwa sahihi. Zege siku za mwanzo ukiligonga linalia kama jiwe, lakini bado halijakomaa. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kufika Desemba. Siku ya sita nikaleta vijana wengine, wakang'oa mbao na mirunda ili wapandishe kozi za juu tupaue.

Baada ya siku chache nikaona chini ya lenta, katikati kabisa, mstari mwembamba kama unywele. Nikaupitisha kidole nikidhani ni vumbi la saruji. Haukufutika. Wiki iliyofuata ncha ya msumari ilikuwa inaingia. Yule mzee nilipomwita alitazama juu kwa muda mrefu, hakunigombeza, akauliza tu: "Mwalimu, ulikuwa unamuwahi nani?" Tukavunja lenta yote ya upande ule na kozi zilizokaa juu yake, tukanunua nondo upya, na fedha ya bati ikaishia hapo. Boma likanyeshewa masika mbili likiwa wazi, majani yakaota vyumbani.

Halafu makato. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilirekebishwa mwaka huohuo wa 2016, na sisi tuliosomeshwa kwa mkopo huo makato yetu yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Ongeza na mkopo wa benki. Kuna miezi nilibakiwa na hela ya kodi, unga na nauli, basi. Mke wangu akaanza kuuza vitumbua asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ufa.

Kundi la darasa nililinyamazisha, nikidhani nisipoona picha nitapona. Sikupona, kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa bado kichwani. Kilichonitibu ni mwaka 2018, yule rafiki alipokuja Dar likizo nikamwonyesha boma na kumweleza ukweli wote. Alishangaa. "Mbona hukuniuliza?" Akanitajia hesabu yake yote tumekaa juu ya tofali. Ada yake ya chuo alilipiwa na baba yake, kwa hiyo bodi haimkati hata senti. Kazini anakaa nyumba ya kampuni, halipi kodi. Kiwanja alipewa na familia. Na ujenzi aliuanza miaka minne kabla ya ile picha. Hakuwa amedanganya mtu wala kujionyesha; alifurahi, akatuma. Mimi ndiye niliyechukua mwisho wa safari yake nikauwekea tarehe kwenye kalenda yangu.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya benki, nenda kwa mmoja wa hao waliohamia, unayemwamini, umuombe akupe hesabu: alianza lini, nani alimsaidia, anakatwa kiasi gani. Watu wengi wakiulizwa kwa heshima wanasema. Halafu kaa na hesabu yako. Simkatazi mtu kukopa. Kama makato unayamudu na fundi anapewa muda wake, kopa. Lakini ukikopa kwa sababu ya picha, hata fundi utamharakisha.

Na yule dada aliyeandika hapo juu kwamba ana miaka 34 na kila harusi ya ukoo anaulizwa "wewe lini?", pole sana. Mdogo wangu yuko hapohapo. Huwa anawajibu shangazi zake kwa upole, "niombeeni", kisha anaendelea kula pilau.

Kwenda kwa mwendo wako siyo kukaa bure, nimeona wanaochanganya. Nilirudi kwenye mifuko mitatu kwa mwezi na sikuruka hata mwezi mmoja. Mkopo uliisha 2021, mwaka ambao pia ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni la bodi, ilifutwa, nikapumua. Mwaka 2022 tukapaua kwa bati la kawaida. Tulihamia 2023 bila dari, na usiku wa kwanza mvua ilinyesha tukawa tunasikilizana kwa kupiga kelele, watoto wanacheka.

Lipu ya nje bado. Tripu ya mchanga imemwagwa uani tangu Machi, watoto wanauchezea, na jioni mimi naukusanya tena kwa koleo.