Kilomita 15 za kwenye boksi

Juzi msomaji mmoja wa Muheza kaniandikia: "Fundi, redio ya kurushia intaneti imeandikwa kilomita 15 na zaidi. Mimi nina 4 tu, mbona upepo ukivuma inakata?" Sikuwa nimefika mwisho wa ujumbe, nikajua shida ni minazi: makuti yanayumba katikati ya njia ya mawimbi.

Chukua NanoStation M5, redio ya intaneti ambayo wengi wetu tulianzia nayo. Boksi linajigamba 15+ km. Karatasi ya vipimo inakupa antena ya dBi 16 (kipimo cha jinsi inavyokusanya mawimbi upande mmoja) na nguvu ya kurusha hadi dBm 27 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kwenye namba za hasi, iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu). Shuka chini kidogo kwenye usikivu, yaani mawimbi dhaifu kabisa ambayo redio bado inayasikia: -96 dBm kwa kasi ndogo kabisa, -75 kwa kasi kubwa. Mstari huo muuzaji hakusomei. Tofauti ni desibeli 21, na umbali ukiongezeka maradufu unapoteza 6. Maana yake, kwa usikivu peke yake, kasi ndogo inafika mbali karibu mara kumi na moja kuliko pale kasi kubwa inapokata roho.

Tena mawimbi hayapiti kama uzi. Kwa masafa ya 5.8 GHz na umbali wa kilomita 4, njia yake pale katikati imetanuka mita 7 kila upande, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Kwa hiyo kuuona mnara kwa macho hakutoshi. Unataka zaidi ya mita 4 juu ya makuti.

Kuna mwenye lodge mmoja kusini ya Pangani, umbali huohuo. Nilimwambia: nguzo ya mita 18. Akacheka, akasema nataka kumla hela, akampa kazi kijana aliyefunga redio juu ya bati, kwenye bomba la antena ya TV. Msimu wa wageni ulipoanza, simu ikaita saa nne usiku. Nilikuta mawimbi yanapokelewa kwa -81 dBm. Sikubadilisha redio wala waya. Nilisimamisha nguzo ileile niliyoisema, nikalenga taratibu, mwenzangu akisoma namba huku chini: -72, -68, -64. Hesabu ya karatasi ilikuwa -61, basi nikakaza bolti. Samahani sijaisikia, na salio la nguzo linadaiwa bado.

Ndugu zangu, nguzo kwanza. Kabla ya dishi kubwa, nguzo. Mteja akikubishia, mpandishe juu aone mwenyewe. Nawe mteja, fundi akikwambia "inashika vizuri", mwambie akuonyeshe dBm. Asiyejua namba zake hana haki ya kushika hela yako. Na waya uache uning'inie chini ya tundu kabla ya kuingia, maji yadondokee nje.

Wewe wa Muheza, usinunue kitu bado. Nitumie urefu wa nguzo, urefu wa ile minazi, na namba unayoisoma upepo ukiwa umetulia na ukiwa unavuma.