Hisa ilianguka kweli, na pesa zetu zikaenda nayo

Mei 2024 mimi na rafiki yangu, kambisti (mbadilisha fedha) wa pale Kamalondo, Lubumbashi, tulibishana juu ya hisa za GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya michezo ya video. Kwamba ingeanguka, hapo tulikubaliana. Ijumaa tarehe 10 ilifunga kwa dola 17.46. Jumapili Keith Gill, yule jamaa aliyeiwasha hisa hiyo mwaka 2021, akarudi mtandaoni baada ya kimya kirefu, akaweka mchoro tu. Jumatatu ikafunga kwa dola 30.45. Mchoro! Tulichobishania ni njia ya kula anguko lake.

Yeye alitaka kuuza hisa za kukopa. Nieleze kwa unga, maana Lubumbashi hakuna asiyejua unga. Unakopa kwa jirani mfuko wa kilo 25, unauuza leo, ukitegemea kwamba mavuno yakiingia utanunua mwingine kwa bei ya chini, umrudishie wake, tofauti ibaki kwako. Sasa malori yasimame Kasumbalesa, kama Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka. Jirani anataka mfuko wake, hataki maneno. Unga ukishuka, hutapata zaidi ya bei uliyouzia. Ukipanda, hakuna palipoandikwa kwamba utasimama. Na kama nusu ya mtaa ilikopa mifuko kama wewe, mbio zenu za kuinunua ndizo zinazopandisha bei. Ndiyo yaliyotokea Januari 2021: hisa za GameStop zilizokopwa na kuuzwa zilizidi zile zilizokuwa zikizunguka sokoni, na mfuko wa uwekezaji wa Melvin Capital ukapoteza 53% mwezi huo mmoja.

Nilimwambia hayo yote. Akanijibu, "Yaya," yaani kaka, "ile ilikuwa 2021." Akauza Jumatatu ile ile, kwa dola 30 hivi, kwa programu ya simu, na dhamana ndogo, yaani pesa anazoweka mtu kufidia hasara.

Jumanne soko lilipofunguliwa, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, nilikuwa naye chini ya mwavuli wake. Alikuwa akimhesabia mteja franga, simu iko mezani. Mara mbili alipotea katika hesabu akaanza upya. Siku hiyo bei iligusa dola 64. Kabla mteja hajaondoka, programu ilikuwa imeshamfungia biashara, dhamana yote imekwenda. Ijumaa hisa ikafunga kwa dola 22.21. Alichosema kilitokea, ila yeye alikuwa ameshatolewa nje.

Mimi nilijiona mjanja. Kupitia shemeji yangu aliye Ubelgiji, mwenye akaunti kwa dalali, nilinunua opsheni ya kuuza: haki ya kuuza hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hadi tarehe fulani, hata soko liwe wapi. Mambo yakikataa unapoteza ada uliyolipa, basi. Hakuna jirani wa kukugongea mlango usiku. Jumanne ile, hisa ikiwa kama dola 48, nililipa dola 205. Bei ya mkataba dola 20, mwisho Mei 31.

Ijumaa hisa imepoteza zaidi ya nusu. Nikampigia shemeji kumuuliza tumetajirika kiasi gani. Opsheni ilikuwa na thamani ya dola 220 hivi. Nilidhani ananitania.

Kumbe ndani ya ada kuna wasiwasi, nao unauzwa. Jumanne hakuna aliyejua kesho itakuwaje, na aliyeniuzia alinitoza hofu yote hiyo. Kufika Ijumaa hofu imepoa, na siku tatu zimekatwa. Nilichokipata kwa bei kuanguka kililiwa huko. Ni kama kununua makala, yaani makaa ya kupikia, usiku ambao umeme umekatika mtaa mzima: makala ni yale yale, lakini unalipia na giza.

Shemeji alisema tuuze. Nikasema tungoje. Mei 31 hisa ilikuwa kama dola 23, opsheni yangu ikafa bila hata senti. Pesa ile ilikuwa zamu yangu ya likelemba (mchango wa kupokezana), na mke wangu amenikumbusha mara nyingi kwamba ilishapangiwa minervali (karo ya shule) ya mtoto.

Kwa hiyo ukitaka kununua opsheni ya kuuza, fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya: bei ya mkataba, toa ada kwa hisa moja. Yangu ilikuwa 20 toa 2.05, yaani 17.95. Nilihitaji hisa irudi karibu pale ilipokuwa kabla ya vurugu kuanza, na irudi ndani ya siku 17. Ningeliona hilo kwenye karatasi, afadhali ningezinunulia chakula hizo dola. Pia usinunue siku ya makelele. Ada ya siku tulivu ni bei nyingine kabisa. Na za kukopa, mimi sigusi hisa ambayo wengi wameshaikopa. Marekani idadi hiyo hutangazwa mara mbili kwa mwezi, bure, kwa anayetaka kusoma.

Juni 7 Gill alijitokeza moja kwa moja kwa video, na hisa ikaanguka 39% siku hiyo. Tuliitazama wote wawili chini ya mwavuli, hatuna kitu ndani yake. Rafiki yangu akaifunika simu, akaniuliza kama nimeshakula bukari, ugali wetu.