Marehemu anayetania kwenye msiba wake

Mkuu, umeuliza kwa nini wapenzi wa sinema za zamani hawaishi kuisifia An American Werewolf in London ya mwaka 1981, ile ya kijana anayegeuka mbwa mwitu, wakati wewe umefika katikati ukashindwa kujua kama unatakiwa uogope au ucheke. Nami nilichanganyikiwa hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa na miaka 12, kwenye banda la video Manzese, nimekalia kreti la soda. (Nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hutaki kujua, ishia hapa.)

Mwongozaji wake, John Landis, aliandika mswada mwaka 1969, akiwa kijana anafanya vibarua kwenye filamu ya watu wengine huko Yugoslavia. Kila aliyemwonyesha alimpa jibu la aina yako: inatisha mno kuwa kichekesho, inachekesha mno kuwa ya kutisha. Ikabidi asubiri zaidi ya miaka kumi, atengeneze kwanza vichekesho vilivyouza, ndipo akapewa hela.

Sisi pale bandani hatukuwa na mtafsiri, tulifuata picha. Vijana wawili wa Kimarekani, David na Jack, wanatembea kwa miguu vijijini Uingereza, wamebeba mizigo mgongoni. Baridi imewapiga, wanaingia baa. Baa nzima kimya. Ukutani imechorwa nyota ya pembe tano. Jack anauliza ile nyota ni ya nini, na jamaa anayerusha vishale anakosa ubao, anamgeukia kwa hasira kana kwamba katukanwa mama. Banda zima tulicheka, kwa sababu sura ya mgeni aliyeuliza asichotakiwa kuuliza haihitaji Kiingereza. Wanafukuzwa kistaarabu, wanaambiwa wasitoke barabarani na wajihadhari na mwezi. Wanatoka barabarani. Jack anararuliwa na mnyama mpaka anakufa, David anang'atwa, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Halafu Jack anarudi. Ndiyo sababu yangu ya kuipenda hii filamu, mengine yote ni nyongeza.

David yuko kitandani hospitali London, mlango unafunguliwa, anaingia Jack na koo lake limechanika, kipande cha nyama kinaning'inia na kutikisika kila anapoongea. Anaomba kipande cha mkate. Anamsimulia jinsi mazishi yake yalivyokwenda, na kulalamika kwamba msichana aliyekuwa akimtaka alilia sana kisha akaenda kufarijiwa kwa mwanaume mwingine. Katikati ya porojo hizo anampa habari yenyewe: wewe umeng'atwa, mwezi ukiwa mpevu utageuka mbwa mwitu, utaua watu, na mimi sitapumzika mpaka ufe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika babu. Sisi Wanyamwezi, na watani zetu Wazaramo walifika wamejaa. Mmoja alivaa kanzu ya babu akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akatukana wajukuu kwa sauti yake ile ile. Mwingine aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka alipwe. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Basi nilipomwona Jack nilimwelewa papo hapo. Ni utani wa msibani, tofauti ni kwamba hapa mtani ndiye maiti. Utani haupunguzi kifo hata kidogo. Kila anaporudi Jack ameoza zaidi, mara ya mwisho amebaki mifupa na ngozi iliyokauka, amekaa ndani ya jumba la sinema chafu pale Piccadilly Circus, na bado ana heshima ya kuwatambulisha kwa David watu ambao David mwenyewe aliwaua usiku uliopita. Wale marehemu nao wanashauriana David afe vipi, kwa adabu zote, kama kamati ya harusi. Nacheka kila mara, na kila mara nasikia ubaridi tumboni.

Kuhusu kugeuka kwenyewe: kwetu mtu kuwa mnyama si habari mpya, tumekua na hadithi za simba-watu wa Singida. Lakini simba-mtu katumwa, nyuma yake kuna mwenye chuki. David hajatumwa na yeyote. Kaumwa tu, kama aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mwili wake unalipa. Zamani sinema nyingi zilificha jambo hili; huyu kafanyiwa sebuleni, taa zinawaka, huku Sam Cooke anaimba Blue Moon kwa upole. Mkono unarefuka tunauona. Mifupa inalia. Fundi wa meikapu, Rick Baker, alifanya yote kwa mpira na mitambo ya mkono, hakuna kompyuta. Nywele zinazoota walizivuta zikiingia ndani ya ngozi bandia, kisha wakaicheza picha kinyumenyume. Mwaka 1982 akachukua Oscar ya kwanza kabisa ya kushindaniwa kwa upande wa meikapu. Michael Jackson aliiona, akawaita Landis na Baker wote wawili kwa ajili ya video ya wimbo wake Thriller. Yaani hata usipoimaliza hii, kazi ya mikono yao unaijua.

Ina udhaifu. Mapenzi ya David na nesi Alex yanaiva haraka kuliko ubwabwa wa shughuli, na wale askari wawili wa upelelezi wangeweza kupunguzwa.

Na mwisho wake umewagawa watu tangu siku ya kwanza. Mbwa mwitu kabanwa kichochoroni, Alex anamsogelea, anamwambia anampenda. Macho ya mnyama yanatulia kidogo. Anaruka, risasi zinalia, na pale chini amelala David uchi. Hata sekunde ya kuomboleza hupewi, majina yanapanda na Blue Moon nyingine inaanza, ya kundi la The Marcels, ya kuchezeka.

Bandani kelele zililipuka: "Mkanda umekatika!" Mwenye banda akautoa kwenye deki, akaukagua kwa tochi, akasema mkanda mzima, picha imeisha. Hakuna aliyemwamini. Akaurudisha nyuma, tukatazama David anakufa mara ya pili, na wimbo ukaanza pale pale. Wakubwa wakadai warudishiwe hela zao. Aliyedai kwa sauti kuliko wote alikuwa anatikisa kichwa kufuata ngoma.