Omakase ya Tokyo: unalipia wali, sio samaki (jibu kwa mdau anayekuja mwezi wa tano)

Wakuu habari za saa hizi. Kuna mdau kauliza hapo juu kwamba mwezi wa tano anakuja Japani kuangalia mzigo wa magari Yokohama, anakuja na mkewe, na shemeji yetu kaona kwenye simu sushi (vitonge vya wali vyenye kipande cha samaki juu) ya omakase ya Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo, anataka lazima akale, sasa bei ni yen elfu 33 kwa kichwa na jamaa anauliza huo si upigaji, vipande vya samaki mbichi ukubwa wa kidole gumba kwa hela ya mbuzi wawili. Nimeona watu wengi wanamjibu kwa kubahatisha ngoja nami niweke yangu, niko huku mwaka wa tisa, kazi yangu ni hayo hayo magari, na omakase nimekula mara nne, mbili nimelipiwa na mbili nimetoa mfukoni mwangu mwenyewe huku roho inauma.

Neno lenyewe kwanza. Omakase ni kama unavyompelekea fundi cherehani kitambaa ukamwambia "we utakavyoona inafaa", basi, umemwachia. Hakuna menyu, huchagui, unakaa mbele ya mpishi na yeye anakupa kimoja kimoja mpaka amalize. Kwa hiyo ukienda na tabia ya "mimi sipendi hiki niletee kile" umepotea njia, hayo unayasema siku ya kubuki sio siku ya kula.

Sasa mara yangu ya kwanza nilivyoaibika. Bosi wetu wa yadi, mzee wa kama miaka sabini hivi, alinialika baada ya kufunga mwaka vizuri. Mimi mtoto wa Unguja nikaona leo ni siku kubwa, nikatoa shati nililotumiwa na mama kutoka nyumbani, nikalifukiza udi vizuri mpaka chumba kizima kikawa kama kuna harusi. Tumekutana kwenye mlango wa stesheni ya Ginza mzee akanusa, akanyamaza, akanusa tena, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama nina shati jingine. Kumbe sehemu hizi wanaandika kabisa wakati wa kubuki kwamba manukato hapana, kwa sababu watu wako wanane wamebanana kwenye kaunta moja na nusu ya hicho wanacholipia ni harufu, ya siki, ya wasabi (kile kiungo kikali cha kijani kinachopanda puani), ya mwani uliochomwa sasa hivi. Tulikuwa na dakika kama ishirini, tukaingia duka la nguo la Uniqlo la hapo Ginza mbio, nikanunua shati jeupe, nikanawa shingo chooni, ule udi ukafungwa kwenye mfuko wa plastiki fundo mbili. Mzee hakusema kitu lakini mle ndani kila mtu akivuta pumzi mimi nilikuwa najihisi mwizi.

Mlango hata usingeujua, ghorofa ya nne kwenye jengo lenye baa na klinika ya meno, kitambaa kimening'inia mlangoni, viti vinane. Kaunta ni ubao mmoja mrefu wa mti wa hinoki, mweupe, laini kama umepigwa msasa asubuhi ile ile. Jamaa aliyekaa pembeni yangu aliombwa avue saa yake ya chuma isije ikakwaruza, na simu usiilaze pale juu, iweke mfukoni.

Haya, tuje kwenye point yangu. Watu wote wanaongelea samaki. Samaki ni mzuri ndio, lakini samaki mzuri huku unampata hata supamaketi. Unacholipia pale ni wali. Wali wa sushi unaitwa shari, unapikwa, unachanganywa na siki na chumvi, na mpishi wa maana haupiki mara moja akauacha, anaupika kwa mafungu ili muda wote uwe na joto la mwili, yaani ukiushika ni kama umeshika mkono wa mtu. Pale tulipokula ulikuwa rangi ya kahawia kidogo sababu anatumia siki nyekundu, inatengenezwa kutokana na machicha ya pombe ya sake yaliyokaa muda mrefu, ina ukali wa taratibu na kaharufu fulani hivi. Mara ya kwanza nilidhani wali umeungua.

Angalia mikono yake. Mkono wa kulia unachota wali kwenye chombo bila kuangalia, kitonge kile kile kila mara, kushoto kuna kipande cha samaki, anapaka wasabi kwa ncha ya kidole, anabana, anageuza, anabana, sekunde chache tu kimeisha. Halafu anakiweka mbele yako kwenye kijibao cheusi, na hapa ndio nilipochanganyikiwa, kile kitonge kikishawekwa kinashuka chenyewe kidogo, kama mtu mchovu anavyokaa kwenye kochi. Mzee akanigusa kiwiko, "umeona?" Nikajifanya sijaona ili niangalie kinachofuata, kweli kikashuka. Maana yake kati ya punje na punje kaacha hewa, nje kimeshikana ndani kimelegea, ukikitia mdomoni kinavunjika chenyewe kabla hujatafuna. We jaribu kukanda tonge la wali kwa namna hiyo uone, mimi nimejaribu nyumbani, ama linakuwa jiwe ama linamwagikia kwenye suruali.

Ndio maana hakuna kusubiri. Kikiwekwa, kula. Mambo ya kuinuka kutafuta engo ya picha, kumuonyesha shemeji, kumtumia dada yake, wali unapoa samaki anapata joto na ile kazi yote imekwenda na maji, na mpishi anakuona ingawa hatasema. Picha moja ya haraka sehemu nyingi wanaruhusu lakini uliza kwanza. Na ukipenda kula kwa mkono, kula kwa mkono, huku sio ushamba hata kidogo, yaani kwa mara ya kwanza tangu nifike Japani utaalamu wangu wa nyumbani ukafaa. Ila sio ule mkono wa pilau wa kukandamiza tonge, ni ncha za vidole vitatu, unakiinua kwa ubavu, mdomoni chote kwa mara moja. Sosi ya soya usiombe, ameshapaka yeye kwa brashi. Wasabi ipo ndani tayari. Pilipili ndio kabisa usithubutu, najua watu wetu.

Mpangilio unaanza na vitu vyepesi, samaki weupe, ngisi aliyechanjwa chanjwa kwa kisu vimistari vidogo sana, halafu mafuta yanaongezeka. Jodari anakuja kwa awamu tatu, nyama nyekundu kwanza, halafu yenye mafuta kiasi, halafu ya tumboni inaitwa otoro ambayo inayeyuka kama samli. Otoro ndio watu wanaililia lakini zamani ilikuwa inatupwa, sababu kabla ya mafriji mafuta yale yalikuwa yanaharibika haraka. Sushi yenyewe hii ya kubana kwa mkono ilikuwa chakula cha mtaani tu, mwanzoni mwa miaka ya 1800 hapa Tokyo ilipokuwa inaitwa Edo, watu wanakula wamesimama kwenye vibanda kama sisi na urojo au mishikaki. Na kwa vile hakukuwa na barafu samaki ilibidi atiwe chumvi, aloweshwe kwenye siki au soya, achemshwe. Wapishi wa mtindo wa Edo mpaka leo wanafanya hivyo, kwa hiyo hiyo "mbichi" mnayoiogopa nusu yake sio mbichi kiukweli.

Mimi kilichoniua sio otoro, ni kisamaki kidogo kinaitwa kohada, ngozi yake ya fedha ina madoa madoa, ni wa ukoo wa dagaa papa wetu. Bei yake sio ya kutisha, miba tele, ukimla vile vile tu wa kawaida. Lakini mpishi anampasua, anamtia chumvi kwa dakika anazozijua yeye kulingana na unene na mafuta ya samaki wa siku hiyo, anamwosha, anamlaza kwenye siki, halafu anamwacha alale. Mzee aliniambia ukitaka kumjua mpishi usimpime kwa otoro, maana otoro ni hela tu, mpime kwa kohada. Nikiwa nyumbani dagaa papa tulikuwa tunamuona chakula cha kukosa hela.

Kuna na yule mnyama wa miiba, wale weusi ambao ukiwakanyaga Matemwe bibi anakupaka utomvu wa papai bichi huku unalia. Huku wanakula vile vindimi vya rangi ya chungwa vilivyo ndani, wanaita uni, na ni ghali balaa. Nilifumba macho nikala. Tamu, baridi, ina chumvi ya bahari, kama krimu. Nilikasirika kidogo kusema kweli, utoto mzima tunawakimbia. Mwishoni mwishoni anakuja anago, mkunga wa baharini amechemshwa taratibu mpaka hawezi kujishikilia, na kipande cha yai kitamu kama keki ndio anakuagia hicho.

Mtu kauliza mbona ghali hivyo. Mpishi anaenda soko la Toyosu alfajiri (lile la zamani la Tsukiji mnada ulihamia Toyosu mwaka 2018), kanunua kidogo kidogo kwa wachuuzi tofauti, huyu wa jodari tu, huyu wa kamba tu, halafu kazi mchana kutwa kwa ajili ya watu wanane, labda kumi na sita akifanya zamu mbili, kodi ya Ginza unaijua. Zile habari za jodari mmoja wa kilo 278 kuuzwa yen milioni 333.6 Januari 2019 zisiwatishe, ule ni mnada wa kwanza wa mwaka, ni matangazo ya biashara, hela hiyo ni yadi nzima ya Land Cruiser.

Kwa Waislamu wenzangu, hapa msikilize vizuri. Nguruwe sio shida hapa, shida ni sake na mirini, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia. Ile soya ya kupaka mara nyingi imechemshwa na mirini au sake, anago amechemshwa humo, yai nalo mara nyingi hivyo hivyo. Wanachemsha ili kilevi kiruke lakini mimi sio shehe, muulize wako. Unachoweza kufanya ni kusema siku ya kubuki kabisa kwamba hutumii kilevi hata kwenye viungo, kuna watakaokuwekea soya tupu na kuna watakaokujibu kwa heshima zote kwamba hawataweza, na hao wa pili washukuru, wamekuwa wakweli. Kufika na kuanza kukataa kimoja kimoja pale kaunta ni kumdhalilisha mtu kazini kwake.

Kuhusu minyoo, samaki wa huku wengi wanagandishwa au wanakaguliwa kwa mwanga na kisu, na hao jamaa ni fani yao ya miaka. Tafadhali msiende soko la samaki la Feri mkanunua jodari aliyepigwa jua saa nne mkaja kula mbichi mkasema fulani wa jukwaani alisema.

Mara moja nilipigwa kweli, lazima niseme. Sehemu moja, jina naliacha, imejaa wageni, kila kipande kimewekewa unga wa dhahabu, mayai ya samaki, nyama ya ng'ombe imechomwa kwa gesi mbele ya kamera, mpishi anacheka na kupiga picha na watu, na wali baridi kama kiporo. Yen elfu 38. Nilitoka pale nikaenda kwenye sushi ya mkanda, zile sahani zinazunguka za yen mia na kitu, nikala sahani saba nikafurahi zaidi. Kwa hiyo ukiona tangazo linasifia dhahabu kimbia.

Mdau ushauri wangu ni huu: nenda mchana. Sehemu nyingi mchana ni nusu ya bei au chini ya hapo, wali ni ule ule, mpishi mara nyingi ni yule yule, vinapungua tu vile visahani vya mwanzo. Usihangaike na zile zenye majina makubwa, kile kibanda cha chini ya ardhi cha mpishi Jiro walichokula Obama na waziri mkuu wa huku Abe 2014, hata Michelin, wale wa kitabu cha kupa migahawa nyota, walikitoa kwenye kitabu 2019 sababu mtu wa kawaida hawezi kubuki. Buki mapema kwa mtandao au waombe hoteli, wanachukua kadi na usipotokea wanakata yote. Fika dakika tano kabla, mnaanza wote pamoja. Chai ni bure, vinywaji vingine angalia mkono wako. Mwishoni atauliza kama unataka kuongeza, hiyo kila kipande ni hela yake. Bakshishi huku hakuna, ukiiacha mezani watakukimbiza barabarani wakurudishie.

Na mwezi wa tano umebahatika, utakuta katsuo wa mwanzo wa msimu, ndugu mdogo wa jodari, ana wekundu mkali na harufu ya damu kidogo, wengi wanambabua ngozi kwa moto wa majani makavu ya mpunga. Shemeji mwambie udi abaki nao hotelini. Mkirudi leta mrejesho.