Steringi alishakufa, mmemfufua wa nini

Mmeuliza wiki hii, sizoni uliyoipenda ikirudishwa baada ya miaka mingi unafurahi au unaumia? Mimi niko Mtwara mjini, Magomeni, na jibu langu ni vyote viwili ila kuumia kumezidi.

Yangu ni Prison Break. Marekani ilianza 2005, huku kwetu ikaja kwa sidii, zile zilizobanwa vipande kibao kwenye sidii moja mpaka picha ina mchanga mchanga, tukawa tunaenda kuiangalia banda la video mimi na kaka yangu, benchi za mbao, joto la kufa mtu, umeme ukikatika mwenye banda anatoka kuwasha jenereta na hakuna anayenyanyuka maana ukinyanyuka tu nafasi imeenda. Kiingereza wengi hatukijui kivile lakini tulielewa. Scofield ni injinia, kaka yake Lincoln kahukumiwa kifo kwa kosa ambalo hakufanya, jamaa anaingia benki na bastola makusudi ili afungwe Fox River alipo kaka yake, na ramani ya jela yote kaichora mwilini kwa tatoo.

Na huyo Lincoln ndo aliyekopa dola 90,000 mdogo wake asome, akamdanganya ni hela ya bima ya mama yao, deni hilo hilo ndo likamponza. Siku nimelielewa hili nilimwangalia kaka yangu pale pembeni nikashindwa kusema kitu, maana yeye aliacha shule akaenda kubeba magunia ya korosho ghalani ili mimi nimalize. Kwa hiyo nikisema naipenda sizoni hii simaanishi napenda mapigano.

Sasa 2009 ikaisha, na Scofield akafa. Sisi tumekua tunajua steringi hafi! Banda zima lilikaa kimya, kaburi tukaliona kwa macho yetu na mwanawe mdogo kaletwa pale, tukatoka watu hawaongei mpaka njia panda. Ile ilikuwa kama msiba na tuliukubali.

Halafu 2017 wanairudisha. Nikaenda laibrari ya muvi kujaziwa flashi, usiku huo huo nikamaliza episodi zote 9, na sitaki kudanganya, sura ya Wentworth Miller, yule anayecheza Scofield, ilipotokea nilipiga kelele mpaka mke wangu akaamka. Lakini wamefukua kaburi jamani! Lincoln anafungua jeneza hamna mtu, kumbe mdogo wake yuko jela Yemen. Machozi yetu ya 2009 yalikuwa ya nini? Na hiyo Yemen wameifanya mabomu na watu wabaya mwanzo mwisho, wakati nchi yenyewe kweli ilikuwa vitani, watu wanakufa. Mzee mmoja mwenye duka mtaani kwetu, asili yake Hadhramaut huko huko Yemen, aliangalia kidogo akanirudishia simu bila neno, niliona aibu sana.

Kingine haraka. Sizoni ya kwanza ilikuwa na episodi 22, boliti moja tu ya benchi la jela mnaihangaikia mpaka tumbo linauma, Scofield anaisugua, inapotea, anaitafuta. Hii mpya mpango haujaiva wameshatoka. Mahone, yule FBI aliyekuwa anawasaka, hayupo kabisa, na yule nilikuwa nampenda karibu kama Scofield.

2020 Miller akasema hachezi tena Scofield, nikasema sawa kabisa, apumzike.

Kaka yangu saizi yuko Newala na shamba lake, tumebishana hili kwenye simu mpaka salio limekata. Yeye hajali kaburi wala Yemen, anasema "mdogo wake kapatikana, wewe unataka nini tena?" Sikumjibu. Flashi yangu nimebakiza zile sizoni nne za mwanzo, ya 2017 nimempa yeye na anairudia kila msimu wa korosho ukiisha.